Uzi: Kutambua na kupanda miti ya bustani inayowaka rangi msimu wa mapukutiko

Mzizi_Mkuu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kila msimu wa mapukutiko ukifika maswali ni yaleyale. Mtu anaweka picha ya mti mwekundu mithili ya moto, anauliza "huu ni mti gani, nautaka kwangu", na kabla ya jioni keshapewa majina matano tofauti. Nimeona nilete uzi mmoja uliokaa sawa, tusaidiane kuitambua miti hii na kuipanda mpaka iwake kweli.

Msimamo wangu nautanguliza hapa juu: rangi ni kitambulisho kibovu kuliko vyote. Mepo (maple) wa aina moja anaweza kuwa wa njano uwanja huu na mwekundu uwanja wa pili. Ukitaka kuujua mti, shika kitawi, vunja kikonyo, ponda jani unuse, tazama gome. Rangi iangalie mwisho kabisa.

Kwanza tuelewane rangi inatoka wapi, maana ukilijua hili nusu ya maswali ya upandaji yanajijibu yenyewe. Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili. Siku zinapoanza kuwa fupi mti unaacha kuitengeneza, iliyopo inavunjwavunjwa, na virutubisho kama naitrojeni vinarudishwa kwenye matawi kuhifadhiwa. Njano na rangi ya chungwa zinatokana na karotenoidi, ambazo zilikuwemo ndani ya jani muda wote, zimefunikwa tu na kijani. Ndiyo maana miti ya njano haikuangushi sana, mwaka mzuri au mbaya utaiona.

Nyekundu na zambarau ni habari nyingine. Hizo zinatokana na anthosianini, ambayo miti mingi huitengeneza upya msimu huohuo kwa kutumia sukari iliyobaki kwenye jani. Sukari inataka jua. Mchana ukiwa wa jua na usiku ukawa wa baridi isiyofikia kugandisha, wekundu unakolea. Kukiwa na mawingu wiki nzima na usiku wa joto, mti uleule unakuwa wa kawaida tu. Ukame mkali nao unaangusha majani kabla hayajabadilika, na baridi kali ikija mapema inayaua yakiwa bado kijani.

Fanya jaribio hili siku moja: chukua jani la mepo mwekundu lililokuwa limefunikwa kidogo na jani mwenzake. Pale lilipopigwa na jua pana wekundu, pale lilipokuwa kivulini pamebaki njano, na umbo la jani la juu limejichora hapo kama muhuri. Jani moja, kikonyo kimoja, rangi mbili. Kwa hiyo anayepanda mti wa rangi nyekundu kwenye kivuli cha nyumba anajinyima mwenyewe.

Sasa kutambua. Swali la kwanza kabisa: majani kwenye kitawi yanatazamana au yanapishana? Mepo wote (jenasi ya Acer) majani yao yanatazamana, mawili mawili toka sehemu moja. Liquidambar, ambaye jani lake la nyota ya ncha tano linachanganya watu kila mwaka, majani yake yanapishana. Hilo tu linamaliza ubishi mwingi. Ukitaka uhakika zaidi ponda jani la Liquidambar: linatoa harufu nzuri ya utomvu. Vitawi vyake mara nyingi vina vibanzi vya gome laini vilivyosimama kama mapezi, na tunda lake ni tufe la miiba linaloning'inia mpaka baridi ikiisha. Mepo anazaa mbegu pacha zenye mabawa, zikidondoka zinazunguka.

Karibuni tuendelee, mwenye swali aulize, mwenye uzoefu aongezee.

Jani_Pacha

Mkuu shukrani kwa uzi. Naongezea mitego miwili. Viburnum opulus naye ana jani linalofanana na la mepo na majani yanatazamana pia, kwa hiyo kipimo chako hakimkamati. Angalia kikonyo karibu na jani: yeye ana vinundu vidogo kama vikombe, mepo hana. Na Platanus, ile miti mikubwa yenye gome la mabaka, jani lake ni pana kama la mepo lakini yanapishana. Ukichomoa kikonyo chake utakuta mwisho wake uko wazi ndani kama kofia, kwa sababu kilikuwa kimefunika tumba la mwaka ujao.

Mzizi_Mkuu

Nakazia hapo kwa Jani_Pacha. Kile kikonyo chenye tundu ukishakiona mara moja huwezi kukisahau.

Kwenye mepo wenyewe nako kuna kazi. Wanaochanganywa zaidi ni hawa watatu, na kila mmoja ana siri yake:

Acer platanoides: vunja kikonyo, kinatoka utomvu mweupe kama maziwa. Huyu anageuka njano tena kwa kuchelewa, kwa hiyo aliyemnunua akitarajia wekundu ataumia. Acer saccharum, yule wa sirapu, utomvu wake ni maji tu. Kingo za jani lake hazina meno mengi, mabonde kati ya vidole ni ya mviringo, na matumba yake ni ya kahawia yaliyochongoka kama ncha ya penseli. Acer rubrum ana mabonde makali kama herufi V, kingo zenye meno madogo, vikonyo vyekundu mara nyingi hata katikati ya kiangazi, na matumba mekundu butu. Acer saccharum ndiye mwenye ile rangi ya chungwa inayowaka. Acer rubrum, licha ya jina lake la kisayansi kumaanisha mwekundu, akioteshwa kwa mbegu anaweza kukupa njano tupu.

Mama_Miche

Hapo kwenye mbegu ndipo mimi nilipolizwa. Nilinunua mche kwenye kitalu kimoja, kibao kimeandikwa Acer rubrum, picha nyekundu ya kuvutia. Miaka yote mti ukawa wa njano hafifu. Nilipouliza nikaambiwa "ni hali ya hewa". Jirani ana mti wa aina hiyohiyo na unawaka kila mwaka, hali ya hewa ni moja. Naomba kujuzwa tatizo ni nini.

Mzizi_Mkuu

Pole sana dada. Huo mche karibu hakika ulitokana na mbegu, na miche ya mbegu inatofautiana kama watoto wa mama mmoja. Mti ukishakuwa wa njano kwa asili yake hakuna mbolea itakayoufanya mwekundu.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, nunua aina iliyochaguliwa na kupewa jina, inayozalishwa kwa vipandikizi au kwa kubebesha (kuunganisha kitawi chake kwenye shina la mti mwingine), maana hiyo inabeba tabia ya mti mama moja kwa moja. Kwa Acer rubrum kuna 'October Glory' na 'Red Sunset', wa kwanza anachelewa kidogo kugeuka. Kuna pia chotara Acer × freemanii 'Autumn Blaze'. Kwa Liquidambar tafuta 'Worplesdon' au 'Lane Roberts'. Dawa ya pili naipenda zaidi: nenda kitaluni msimu wenyewe wa mapukutiko, chagua mti kwa macho yako.

Lakini angalizo. Mche uliobanwa kwenye chungu na kukosa maji unageuka mwekundu mapema kwa sababu ya dhiki, unadanganya. Linganisha na wenzake wa aina hiyohiyo. Ukikuta mmoja tu amewaka na wengine bado kijani, uutoe kwenye chungu kwa ruhusa ya muuzaji utazame mizizi. Ikiwa imezunguka kama kamba iliyoviringishwa, achana nao.

Hili linahusu hata miti mikubwa. Tawi moja la mepo likigeuka rangi kiangazi wenzake wakiwa kijani, usifurahie. Mara nyingi ni dalili ya ugonjwa, au mzizi unaojinyonga kwenye shina.

bustani_ndogo

Mkuu, wengine uwanja wetu ni mdogo, hatuwezi kuweka miti ya mita 20. Tupe wa saizi yetu.

Mzizi_Mkuu

Swali zuri, na hapa ndipo utamu ulipo, maana miti midogo ndiyo yenye rangi nzuri kuliko mingi mikubwa.

Ningekuwa na nafasi ya mti mmoja tu ningepanda Amelanchier. Maua meupe mwanzo wa majira ya machipuko, matunda madogo ya zambarau yanayoliwa (ndege watakuwahi), kisha majani ya chungwa na nyekundu. Kila msimu anakupa kitu, na hana majivuno ya udongo, mradi usiwe mkavu sana.

Wa pili ni Parrotia persica, asili yake misitu ya kusini mwa Bahari ya Kaspi, huko Irani na Azabajani. Jani lake moja linaweza kubeba njano, chungwa, nyekundu na zambarau kwa pamoja. Gome la mti uliokomaa linabanduka vipande na kuacha mabaka ya kijivu, kijani na krimu, na katikati ya baridi anatoa maua madogo mekundu kabla ya majani. Anakua polepole na kutanuka, kwa hiyo usimbane ukutani. Sijui kwa nini watu wanampita na kukimbilia mepo.

Wa tatu Acer palmatum, mepo wa Japani, ambaye najua mtauliza habari zake peke yake. Aina ya 'Osakazuki' kwa wekundu hana mpinzani. 'Sango-kaku' anageuka njano na baada ya majani kuanguka anakuachia matawi ya rangi ya matumbawe kipindi chote cha baridi.

Cercidiphyllum japonicum anakuwa mkubwa kidogo ila namtaja kwa harufu. Majani yake ya umbo la moyo yakianza kuanguka yananukia sukari iliyoungua, ni kemikali ya maltoli. Unaweza kuunusa mti kabla hujauona. Anataka udongo wenye unyevu. Ukame ukimkuta anakunja majani na kuyaangusha kabla ya wakati.

udongo_mweupe

Wakuu, udongo wangu una chokaa. Nilipanda Nyssa sylvatica, majani yakawa manjano na mishipa ya kijani tangu kiangazi, hayana afya kabisa. Je, niongeze mbolea?

Mzizi_Mkuu

Hapana mkuu, mbolea ya kawaida haitasaidia. Hiyo njano yenye mishipa ya kijani ni mti kushindwa kunyonya chuma au manganizi, kwa kuwa pH ya udongo (kipimo cha tindikali) iko juu. Madini yenyewe mara nyingi yamo ardhini ila yamefungwa. Nyssa ni mti wa udongo wa tindikali. Kundi moja na yeye ni Oxydendrum na Quercus palustris, na Acer rubrum naye analalamika hivyohivyo.

Na Nyssa ana ugumu wa pili: mzizi wake unakwenda chini moja kwa moja na hapendi kuhamishwa. Anapandwa akiwa mdogo na kuachwa hapohapo. Akipata udongo wake, hata wenye majimaji, kuna miti michache inayomfikia kwa wekundu, na anawahi kugeuka.

Kwa udongo wako wa chokaa: Parrotia anavumilia, Ginkgo anavumilia, Acer campestre (njano), Cotinus, na Euonymus europaeus ambaye majani yake yanageuka mekundu na matunda ya waridi yanapasuka kuonyesha mbegu za chungwa. Matunda hayo ni sumu, wenye watoto wadogo wawe makini. Kabla ya kununua chochote pima pH. Hata kumwagia siki kwenye udongo mkavu kunakupa fununu: ukitoa mapovu, chokaa ipo.

Mama_Miche

Mkuu na mimi nichangie kwenye upandaji, maana hapo ndipo miti mingi inapofia. Msimu mzuri kwa miti mingi hii ni mapukutiko yenyewe, udongo ungali na joto, mizizi inashika kabla ya baridi. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina kisizidi bonge lenyewe. Pale shina linapotanuka kuingia mizizi lazima paonekane juu ya udongo. Mti uliozikwa shingo hauonyeshi kosa mwaka wa kwanza, unakuja kudhoofika taratibu baadaye watu wakatafuta mchawi. Mizizi inayozunguka ikate au inyooshe. Rudisha udongo uleule uliouchimba, huna haja ya kujaza shimo mboji tupu, kwa sababu mizizi itagoma kutoka humo.

Matandazo sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Maji ya kutosha miaka miwili mitatu ya mwanzo, kumwagilia kwa kina mara chache kuliko kunyunyiza kila siku.

Mzizi_Mkuu

Umemaliza kila kitu dada. Naongeza mawili tu. Mbolea yenye naitrojeni nyingi mwishoni mwa kiangazi usiweke, inachochea machipukizi laini wakati mti unatakiwa ujiandae kulala, na rangi inaharibika. Na pale ambapo baridi ni kali sana, miti kama Nyssa na Liquidambar ni salama zaidi kuipanda majira ya machipuko.

bustani_ndogo

Asante wote. Sasa huyo Acer palmatum: wangu ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia kila kiangazi, rangi siioni kabisa ikifika wakati wake.

Mzizi_Mkuu

Ncha zinazoungua ni upepo mkavu, jua kali la mchana, au mizizi kukosa maji, na mara nyingi vyote vitatu. Mpe jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana, mkinge na upepo, mtandazie. Ila usimfiche kwenye giza, tumeshaona wekundu unavyotengenezwa. Aina zenye majani yaliyochanwachanwa kama uzi ndizo dhaifu zaidi kwenye jua kali.

Wengi wao wamebebeshwa, kwa hiyo chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo likate mara moja. Lina nguvu kuliko mti ulioununua, ukiliacha litautawala na utabaki na mepo wa kijani wa kawaida. Kupogoa mepo kufanyike kiangazi au katikati ya baridi, usisubiri mwisho wa baridi kwani vidonda vinatiririka utomvu. Na wakiona tawi zima linanyauka ghafla wakati wenzake wazima, wapenzi wa mepo hushuku kuvu ya Verticillium iliyomo kwenye udongo. Ikithibitika usipande mepo mwingine shimo lilelile.

Jani_Pacha

Kuna wanaodhani jamii ya misonobari haipukutishi. Nawaletea Metasequoia glyptostroboides. Mwaka 1941 mtaalamu wa Japani Shigeru Miki aliupa jina kutokana na visukuku, na miaka michache baadaye ukagunduliwa ungali hai China. Mwaka 1948 Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Marekani, ikasambaza mbegu zake. Unageuka rangi ya shaba na waridi kisha unaangusha vitawi na majani yake yote. Unafanana sana na Taxodium distichum. Kipimo ni kilekile cha mleta uzi: vijani vya Metasequoia vinatazamana, vya Taxodium vinapishana. Yote miwili inapenda maji, na yote miwili ni mirefu sana, si ya uwanja mdogo.

udongo_mweupe

Mmemtaja Ginkgo kwa kupita tu. Nimesikia ananuka?

Mzizi_Mkuu

Jike ndilo linalonuka, au tuseme ganda la nje la mbegu zake likidondoka na kuoza, lina asidi ya butiriki, ile ya siagi iliyochacha. Mti wa mbegu unaweza kukaa miaka 20 na zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo hujui jinsia yake mpaka umeshazeeka nao. Nunua dume lenye jina: 'Autumn Gold', 'Saratoga' au 'Princeton Sentry'. Kumtambua ni rahisi kuliko mti wowote kwenye uzi huu: jani la umbo la upepeo, halina mshipa wa kati, mishipa yote inagawanyika miwili miwili kuelekea ukingoni. Njano yake ni safi, haina madoa, na baridi kali ya usiku mmoja inaweza kuyaangusha majani karibu yote asubuhi.

Mama_Miche

Tusisahau kuonya. Toxicodendron succedaneum na vernicifluum wana rangi nyekundu ya kupendeza mno na utomvu wao unawasha na kuvimbisha ngozi vibaya. Wana majani yenye vijani vingi pande mbili za kikonyo, kama Rhus typhina ambaye hana shida hiyo. Tofauti: vitawi vya Rhus typhina vina manyoya kama mahameli na tunda lake ni kishada chekundu kilichosimama. Naye si wa kumwamini kwenye nafasi ndogo, anachipua kutoka mizizini mita kadhaa mbali na shina. Mti usioujua usichume majani yake kwa mikono mitupu.

Mzizi_Mkuu

Kweli kabisa. Na angalieni sheria za mahali mlipo. Pyrus calleryana, ambaye rangi yake ni nzuri sana, amekuwa gugu vamizi Marekani, na jimbo la Ohio limepiga marufuku kumuuza tangu 2023. Euonymus alatus naye hauzwi Massachusetts. Uzuri wa rangi hautoshi kuhalalisha mti unaokwenda kuvamia msitu wa jirani.

kivuli_cha_mkungu

Wakuu mimi niko sehemu isiyo na baridi kabisa. Uzi huu haunihusu?

Mzizi_Mkuu

Unakuhusu mkuu. Mkungu, Terminalia catappa, unageuza majani yake kuwa njano, chungwa na mekundu kabla ya kuyaangusha, bila baridi. Unafanya hivyo kipindi cha ukavu, na sehemu nyingine mara mbili kwa mwaka. Unavumilia mchanga na upepo wa chumvi, ila matawi yake yanatanda kwa ghorofa na yanafika mbali, upe nafasi. Usipoteze fedha kwa Acer saccharum, anahitaji baridi ya kweli ndipo alale na kuamka vizuri. Kama kwako kuna kaubaridi kidogo, Lagerstroemia indica anaweza kukupa majani ya chungwa na nyekundu, juu ya maua yake ya kiangazi na gome laini.

kivuli_cha_mkungu

Shukrani. Mbegu ya mkungu naiotesha vipi?

Mzizi_Mkuu

Chukua tunda lililoanguka lenyewe likiwa limeiva, liondoe nyama, loweka kokwa usiku kucha, kisha lilaze kwenye mchanga wenye mboji na ulifunike kidogo tu. Weka kwenye kivuli chepesi na udongo usikauke. Likishachipua na kuwa na majani manne matano, hamishia kwenye mfuko mrefu, maana mizizi yake inakwenda chini haraka.